Kimya Kati ya Mikoromo

Mama Vifungo alitandaza mikono miwili ya shati juu ya meza. Akaiangalia. Akaigeuza. Akaiangalia tena. Yote miwili ilikuwa ya kushoto.

Alifumba macho kidogo ili asije akatoa neno baya. Haikusaidia.

"Baba," alimwita mumewe, "huyu mteja wetu ana mikono mingapi ya kushoto?"

Mumewe alikuwa amesimama kwenye meza ya kukatia, mkasi mkononi, macho mekundu. Alijibu kwamba mkono mmoja ugeuzwe ndani nje, utakuwa wa kulia. Mama Vifungo akamwonyesha kitambaa. Kilikuwa na maua upande mmoja tu. Upande wa pili ulikuwa mweupe. Fundi akakitazama kama mtu anayekiona kwa mara ya kwanza. Akasema atakata mwingine. Kitambaa kilikuwa kimekwisha.

Wawili hawa walikuwa na duka la ushonaji karibu na soko. Mume alikata, mke alishona. Wateja walimwita mume Fundi Kichwa, kwa sababu vipimo vyote aliviweka kichwani. Alikupima mara moja tu. Ukirudi mwaka wa pili, alikukatia suruali bila kugusa futi ya kupimia, na ilikukaa. Mke walimwita Mama Vifungo. Hakuweza kuona kifungo kinachoning'inia akakiacha. Alikushika shati palepale, sindano mkononi, akakishona huku umesimama na huku anakusimanga.

Basi, siku hizi Fundi Kichwa alikuwa anaharibu kazi. Leo mikono miwili ya kushoto. Juzi alimkatia mtu mrefu suruali ya mtu mfupi. Kabla ya hapo aliacha pasi juu ya kola mpaka ikatoa moshi, naye amesimama pembeni, ameduwaa. Mtu akianza kumweleza jambo, fundi alisinzia kabla jambo halijafika katikati. Akiamshwa, alikuwa mkali. Asubuhi alilalamika kichwa kinamgonga na mdomo umekauka.

Mwaka uliopita mkewe alimpa kitambaa kizuri cha buluu, amshonee gauni. Alikiweka chini ya meza. Mkewe alipomuuliza, fundi alisema hajawahi kupewa kitambaa chochote. Aliapa kabisa. Mama Vifungo alikasirika, hakuuliza tena. Alijisemea kwamba kitambaa kikae hukohuko mpaka panya wakikute.

Lakini chini ya hasira yake kulikuwa na hofu, na hofu hiyo alijua jina lake. Mama mkwe wake alikufa akiwa amesahau kila kitu. Alianza kwa kusahau sufuria jikoni. Mwisho alimsahau mwanawe wa kumzaa. Fundi alimpelekea nguo aliyomshonea, naye akamshukuru kwa heshima, akamuuliza mama yake anaitwa nani. Siku ile Mama Vifungo alimwona mumewe akilia, na hakutaka kuliona jambo lile tena.

Fundi naye hakuwa amesahau. Baada ya ile mikono ya kushoto aliweka mkasi mezani, mbele ya mkewe.

"Mwisho wa mwezi tufunge duka," alisema. "Ugonjwa wa mama umenifikia. Sitaki wateja waanze kunicheka."

Mama Vifungo alitaka kumjibu vibaya, kwa sababu alikuwa amechoka. Badala yake alichukua mabaki ya kile kitambaa cha maua akaanza kuunga vipande, ili mkono wa kulia upatikane.

Kwa kweli na yeye alikuwa halali vizuri. Mumewe alikoroma. Tuseme ukweli, alikoroma mpaka vikombe kabatini vililia. Kwa muda mrefu Mama Vifungo alivumilia. Alimsukuma, alimgeuza, alimbana pua. Mwishowe alihamia sebuleni, akawa analala kwenye kochi, pamba masikioni. Mkoromo ulipita ukutani ukamfuata hukohuko.

Kilichomsaidia ni kwamba mkoromo ulikuwa na mapumziko. Ulipanda, ukapanda, halafu ghafla ukakatika. Kimya. Mama Vifungo alimshukuru Mungu kwa kile kimya, akajitahidi kusinzia upesi kabla mkoromo haujarudi.

Jambo jingine alilofanya lilikuwa la huruma. Aliona mumewe anasinzia mchana, akaamua kwamba usingizi wa usiku haumtoshi. Akaenda duka la dawa, akanunua vidonge vya usingizi bila kumwona daktari. Kila jioni alimpa mumewe kimoja pamoja na maji. Mumewe alilala kama gogo. Asubuhi alikuwa hoi kuliko jana, na mkewe akashangaa mtu anawezaje kulala sana hivyo na bado akaamka amechoka.

Siku chache baadaye akaja mteja wao wa zamani, muuguzi wa kituo cha afya. Watu wote mtaani walimwita Sista. Alikuwa ameleta kitambaa cha sare mpya. Fundi akasema vipimo vyake anavyo, kisha akasita. Akachukua futi. Sista alishangaa, kwa sababu fundi huyu hakuwahi kumpima mara mbili. Mama Vifungo aliinamia cherehani asimwangalie mtu.

Fundi alipima mabega. Akabana kitambaa begani kwa pini, na pini nyingine alizishika kwa midomo kama mafundi wanavyofanya. Akasema yeye mwenyewe atakaa kidogo, akumbuke urefu wa pindo. Akakaa kitini. Sista akasubiri. Mama Vifungo akasikia mkoromo, akageuka.

Mumewe alikuwa amelala. Futi ilikuwa mkononi. Pini zilikuwa bado midomoni.

"Mama, zitoe," Sista alisema kwa sauti ya chini. "Taratibu."

Mama Vifungo alizitoa moja moja. Fundi hakuamka. Kichwa kilianguka nyuma, mkoromo ukapanda. Mama Vifungo aliona aibu. Alianza kumwomba Sista radhi, akisema mwanamume huyu amemshinda, usiku hivi, mchana hivi, mbele za wateja hivi.

Mkoromo ukakatika.

"Afadhali amenyamaza," alisema.

Sista aliinua mkono kumnyamazisha na yeye. Alikuwa anaangalia kifua cha fundi. Mama Vifungo akaangalia pia. Kifua kilikuwa kinasukumana na tumbo, kinapanda na kushuka, lakini hakuna pumzi iliyosikika, wala puani wala mdomoni. Midomo ilianza kubadilika rangi. Mama Vifungo alitaka kumtikisa, na alipomgusa tu, fundi alishtuka kwa mkoromo mkubwa, akavuta hewa kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Akafumbua macho nusu. Akayafumba tena, akaendelea kukoroma.

"Umeona?" Sista aliuliza. "Huko nyumbani huwa inatokea mara nyingi?"

Usiku Mama Vifungo alikuwa sebuleni, pamba masikioni. Ila kimya alikijua. Alikisikia kila usiku, mara nyingi sana, na kila mara alishukuru. Akakaa juu ya rundo la vitambaa.

Fundi aliamshwa. Jambo la kwanza alilosema ni kwamba hakuwa amelala, alikuwa anafikiria pindo.

"Ulikuwa unafikiria kwa sauti kubwa sana, baba," mkewe alimwambia.

Sista alivuta kiti. Akawaeleza wote wawili, polepole, wala hakutumia maneno ya hospitali. Alishika mkono wa shati laini uliokuwa mezani, akaupuliza, ukafunguka. Kisha akavuta hewa ya ndani yake kwa mdomo, kitambaa kikagandana.

"Koo la mtu aliyelala hulegea hivi," alisema. "Kwa wengine hulegea mpaka likajifunga kabisa. Kifua kinavuta, lakini hewa haipiti. Hewa safi inapungua kwenye damu. Ubongo unaona hatari, unamwamsha mtu kidogo tu ili avute pumzi. Yeye mwenyewe hakumbuki. Usiku mmoja hilo linaweza kujirudia mara nyingi mno. Kwa hiyo mtu analala usiku kucha, lakini hapumziki."

Fundi alisema kukoroma si ugonjwa, ni dalili ya mtu aliyefanya kazi. Baba yake alikoroma, wajomba zake walikoroma. Sista alikubali kwamba si kila anayekoroma ni mgonjwa. Lakini mkoromo unaokatika, ukafuatwa na kukabwa, si wa kupuuzwa. Akamuuliza kama anaamka na maumivu ya kichwa. Ndiyo. Mdomo mkavu? Ndiyo. Anaamka kwenda msalani mara kwa mara? Fundi alimgeukia mkewe, akamuuliza amemwambia nini huyu Sista. Mkewe hakuwa amemwambia chochote.

Hapo Mama Vifungo alivitaja vile vidonge. Alivitaja kwa sauti ndogo sana. Sista hakumgombeza. Alisema tu kwamba vidonge vingi vya usingizi, na pombe vilevile, vinaweza kulegeza koo zaidi, na kuuchelewesha ubongo kumwamsha mtu. Alitaka kujua ni vidonge gani na ametumia kwa muda gani, kwa kuwa vingine haviachwi ghafla. Akamwambia avichukue, aende navyo kwa daktari kesho yake, na asimpe mumewe dawa nyingine ya kununua kwa kubahatisha.

Mama Vifungo alijichukia siku ile. Alikuwa akimpa maji na kidonge kwa mkono wake mwenyewe, kisha anakwenda kujiziba masikio.

Fundi alichezea futi, akaikunja, akaikunjua. Kisha akauliza swali ambalo mkewe hakulitarajia.

"Mama yangu alikoroma hivihivi," alisema. "Alikuwa anakatika hivihivi. Tulikuwa tunacheka. Hiyo ndiyo iliyomfanya anisahau?"

Sista alisema hawezi kujua, na hatamdanganya. Ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu una sababu nyingi, na nyingine hazijulikani bado. Ila watafiti wameona kwamba watu ambao pumzi zao hukatika usingizini, na hawatibiwi, wako katika hatari kubwa zaidi ya kupata ugonjwa ule baadaye. Si lazima waupate, ila hatari ni kubwa zaidi. Inadhaniwa kwamba ubongo unaumia kwa kukosa hewa mara kwa mara. Tena inadhaniwa kwamba katika usingizi mzito ubongo husafisha taka zake, na mtu anayeamshwa kila mara hapati usingizi huo wa kutosha. Pia shinikizo la damu hupanda, na hilo nalo linaumiza ubongo na moyo.

"Lakini nisikilize, Fundi," aliongeza. "Mtu asiyelala vizuri husahau, husinzia, hukasirika. Anafanana na mgonjwa wa kumbukumbu, kumbe huenda amechoka tu. Usijihukumu kabla hujapimwa. Na usifunge duka kabla hujapimwa."

Walikwenda hospitali. Daktari alimpima shinikizo la damu, likawa juu. Alimpima uzito na unene wa shingo. Vidonge alivipangia utaratibu wa kuviacha. Kisha wakampa fundi kifaa cha kulala nacho nyumbani. Kilikuwa na mkanda wa kifuani, kibanio cha kidoleni na mrija mdogo wa puani. Fundi alilalamika kwamba amefungwa kama mzigo wa sokoni. Majibu yalipotoka, daktari alisema pumzi inakatika mara nyingi sana, hasa anapolala chali. Matibabu yapo.

Unadhani fundi alifurahi? Alinuna. Daktari alimpa mashine ndogo inayosukuma hewa kwa mrija mpaka kwenye barakoa ya puani. Hewa ile hulizuia koo lisijifunge. Mashine zenyewe hazikuwa nyingi, hospitali iliwaazima wagonjwa, na wengine walikuwa bado wanaisubiri. Fundi alipofika nyumbani aliisukumia chini ya kitanda. Alisema hawezi kulala akiwa na mkonga wa tembo.

Mkewe alianza na jambo dogo. Daktari alisema kulala ubavu kunasaidia, basi Mama Vifungo akashona mfuko mgongoni mwa fulana ya kulalia ya mumewe. Ndani aliweka mpira mdogo, akaufunga kwa vifungo, vyote vimekazwa sawasawa. Fundi akijigeuza chali, mpira unamchoma, anarudi ubavu. Ulisaidia kidogo. Fundi aliutukana mpira ule, lakini hakuweza kuufungua. Vifungo vya mkewe havikuwa vya mchezo.

Mashine aliikataa. Leo barakoa inavuja, kesho mikanda inakata shavu, keshokutwa pua imekauka. Mama Vifungo alibembeleza. Alinuna. Alibembeleza tena. Asubuhi moja aliikuta barakoa ndani ya kapu la mabaki ya vitambaa, imefunikwa vizuri. Hapo uvumilivu ukamwisha. Aliibeba mpaka dukani, akaibwaga juu ya meza ya kukatia, mbele ya mumewe.

"Mimi nimechoka," alisema. "Nimechoka na mikono ya kushoto, nimechoka na kochi, nimechoka na wewe. Mama yako nilimwogesha mpaka siku ya mwisho, naye akiniuliza mimi ni mtumishi wa nani. Nilimvumilia kwa sababu alikuwa mama yako. Wewe ukiniuliza hivyo, sitaweza. Nakwambia mapema, sitaweza."

Alikaa kwenye cherehani, akashona mstari mrefu ambao haukuwa na uzi.

Fundi aliitazama barakoa. Akaishika. Akavuta mikanda, akaangalia ilivyoungwa, akapitisha kidole kwenye ukingo. Akaiweka usoni, akaitoa. Hatimaye alisema kwa dharau kwamba aliyeikata hii hajui kupima. Hii ni ya uso mwembamba, yeye uso wake ni mpana.

Mama Vifungo akageuka. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, mumewe alikuwa ameongea kama fundi.

Wakairudisha hospitali. Mhudumu alikiri kwamba saizi haikuwa yake, akampa nyingine, akamwonyesha namna ya kulegeza mikanda bila hewa kuvuja. Akawaonyesha pia sehemu ya kuweka maji ili pua isikauke. Fundi aliomba ruhusa ya kuifunika mikanda kwa pamba laini, ili isikwaruze shavu. Mhudumu alikubali, mradi asizibe matundu ya hewa. Jioni fundi alikata vipande viwili vidogo, mkewe akavishona. Kimoja kilikuwa cha kulia, kimoja cha kushoto.

Mabadiliko hayakuja kwa siku moja. Mwanzoni fundi aliivua barakoa kabla ya alfajiri. Taratibu akaizoea. Alianza kutembea kwa miguu kwenda dukani, apunguze mwili. Alitumia dawa za shinikizo la damu kama alivyoelekezwa. Maumivu ya kichwa ya asubuhi yakapungua. Mchana hakusinzia tena. Sare ya Sista ikakamilika, pindo likakaa mahali pake, na pini hakuziweka tena midomoni. Mambo ya duka yakamrudia kichwani. Mengine hayakurudi, nayo aliyaandika kwa chaki ukutani, akiona haya. Daktari aliwaambia waendelee na kliniki. Hakuwaahidi kwamba ugonjwa wa mama hautakuja kamwe. Aliwaambia kwamba wamepunguza mzigo uliokuwa unauelemea ubongo, na hilo si dogo. Habari ya kufunga duka haikutajwa tena.

Mama Vifungo alirudi chumbani kwake. Na sasa wateja walipata taabu mpya. Akimshika mtu shati ili amkazie kifungo, alimuuliza palepale kama mwenzake anakoroma. Akijibiwa ndiyo, aliuliza kama mkoromo unakatika. Akijibiwa ndiyo, na kwamba huo ndio wakati wa kupumzika masikio, alimkazia macho.

"Usishukuru kwanza," aliwaambia. "Angalia kifua. Halafu mpeleke akapimwe."

Wengine walicheka. Wengine walikwenda.

Siku moja alifika dukani akamkuta mumewe anakunja nguo. Ilikuwa ya buluu. Mama Vifungo alikitambua kile kitambaa, akasimama mlangoni na kikapu chake. Fundi alisema amekikuta chini ya meza, na amekumbuka ni cha nani. Alisema pia kwamba aliapa uongo mwaka jana, na asamehewe.

Mkewe alimuuliza amekata kwa vipimo gani, maana hakumpima. Akasema kama ametumia vile vya harusini, basi ameharibu kitambaa kingine, kwa kuwa mwili ule haupo tena.

"Kiunoni nimeongeza," fundi alijibu. "Nina macho, mama."

Alikwenda nyuma ya pazia kulijaribu, akinung'unika. Gauni lilipita mabegani, likashuka, likamkaa kiunoni bila kumbana. Aliangalia mikono. Mmoja ulikuwa wa kulia na mmoja wa kushoto. Mama Vifungo alikaa chini hukohuko nyuma ya pazia, akaziba mdomo kwa kiganja, akalia.

Mumewe alimwita, akauliza kama limemkaa.

Alijifuta uso. Akajibu kwamba kifungo cha shingoni kimelegea, na kwamba fundi aliyekishona aonyeshwe kazi.